Kumrudisha Mama Kinoo kwa Gari Lililoshushwa

Mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake, kwenye simu, mlangoni mwa kanisa, na mmoja wenu hata kwenye foleni ya duka la dawa: ilikuwaje mkamaliza siku nzima kutoka mjini hadi Kinoo, mahali mtu hufika kabla chai haijapoa? Nimesimulia vipande vipande hadi nimeanza kujichanganya. Basi naandika mara moja, mkae chini msome, na asiniulize mtu tena. Mambo ya fomu za hospitali na kusubiri ruhusa nayaruka. Yale hayana utamu kwa aliyeyapitia wala kwa anayeyasikia.

Kilimani hadi mjini

Gitau, ndugu yangu mdogo, alikuwa amesema atanichukua kwangu Kilimani saa mbili asubuhi, na saa mbili kamili alikuwa langoni. Jambo hilo liliniudhi kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumgombeza. Mnanijua. Ualimu umenizoesha kuanza siku kwa kumkosoa mtu.

Gitau hutengeneza lifti kwenye maghorofa ya Westlands. Ana miaka thelathini na minne, hana mke, ana gari. Gari lenyewe ni dogo, la kijivu, lenye umri wa kuchukua kitambulisho, na amelishusha hadi kati ya gurudumu na bodi hupitishi zaidi ya vidole viwili. Ukiingia unaketi karibu na lami. Ukitoka unahitaji kushikwa mkono. Wenzake wenye magari ya namna hiyo huyaegesha masika yakianza na kuyatoa jua likirudi, lakini yeye huliendesha Januari hadi Desemba, mvua, matope, baridi ya Julai, yote. Nilikuwa nimemwambia mara nyingi kwamba katika mji huu wa matuta na mashimo, mtu mwenye akili timamu huinua gari, halishushi.

Siku hiyo kazi yake ilikuwa kubeba mabegi tu. Mama yetu alikuwa ametiwa skrubu kwenye uti wa mgongo majuma mawili yaliyotangulia, na sasa alikuwa anaruhusiwa kurudi nyumbani Kinoo. Wa kumbeba alikuwa binamu yetu Karanja, mwenye gari kubwa la juu lenye viti vya ngozi. Mimi ndiye niliyepanga hivyo, na nilikuwa nimejipongeza.

Hatujafika hata mwisho wa mtaa wangu, Gitau akasimama mbele ya tuta.

"Siz, shuka kidogo."

"Nishuke niende wapi?"

"Vuka tuta na miguu, nikuchukue hapo mbele."

"Unasema mimi ni mzito?"

"Sijasema. Gari ndio imesema."

Nikashuka, nikavuka kwa miguu na viatu vyangu vya kwenda hospitali, huku soja, mlinzi wa lango la jirani, akinitazama. Gitau alilipandisha gari kwa mshazari, gurudumu moja, kisha la pili, polepole hadi nikamaliza kufunga vifungo vyote vya koti. Halikugusa. Nilirudi ndani nimenuna, na hadi mjini sikumsemesha.

Mjini hadi Westlands

Daktari alituita kando akatupa neno moja, kisha akalirudia: asirushwe. Shimo moja, tuta moja lililopandwa vibaya, na skrubu zingeweza kutoka mahali pake kabla mfupa haujazishika. Hapo ingebidi afunguliwe tena, na Mama ana miaka sabini na mitatu. Daktari hakusema zaidi, lakini alivyotutazama tulielewa kwamba kufunguliwa tena ni jambo ambalo huenda asingepona. Kazi yetu ikawa hiyo tu: kumfikisha kitandani kwake bila kumrusha hata mara moja. Tena asikae njiani sana, kwa sababu kukaa pia kulikuwa kunamuumiza.

Gari la Karanja lilikuwa limesimama mlangoni, zuri, la kung'aa. Mama yetu, mnamjua, ni mfupi. Alisogezwa hadi mlangoni akajaribu kuinua mguu, hakuweza. Tukaleta kistuli. Akainua tena, uso ukabadilika rangi, jasho likamtoka. Mara ya tatu muuguzi akasema hapana, na nikaona mpango wangu wote ukianguka pale kwenye sakafu ya hospitali.

Muuguzi akatazama nyuma yetu. "Na hiyo ndogo ni ya nani?"

Gitau akageuka kana kwamba ameulizwa kuhusu gari la mtu mwingine. "Ni yangu. Lakini hiyo ni ngumu, sister. Hiyo haifai mgonjwa."

Muuguzi hakumsikiliza. Walimgeuza Mama, akaketi kwenye kile kiti cha mbele vile anavyoketi kwenye kigoda chake cha jikoni, kisha miguu yote miwili ikaingizwa pamoja. Hakuguna hata. Kiti kililazwa nyuma, mito ikawekwa huku na huku, naye akapumua.

"Hapa niko sawa," alisema. "Twendeni."

Lakini Gitau hakwenda. Alifungua boneti, kisha buti, akaanza kuzungusha vifundo vidogo vilivyo juu ya shoki za kuzuia mtikisiko, kila kimoja akikihesabu kwa midomo. Akainama akapunguza upepo kidogo kwenye magurudumu. Akalibonyeza gari kwa kiganja kwenye kila pembe, akalitazama likirudi, akazungusha tena. Ilichukua karibu dakika ishirini. Karanja alichoka kusubiri, akachukua mabegi akatangulia Kinoo, na nasikia alifika mapema akala sehemu kubwa ya chakula tulichoandaliwa. Mimi nilimpigia Gitau kelele kuwa mama yake hapimwi kama mzigo. Akaanza upya kukihesabu kifundo kile kile.

Kuna jambo niwaambie hapa, maana wengine hamlijui. Gitau hakuwa amekanyaga nyumbani Kinoo tangu Krismasi ya mwaka juzi. Simu alikuwa akipiga, hospitali alikuja kila jioni, lakini nyumbani, hapana. Mama hakuwahi kumuuliza, naye hakuwahi kusema. Sisi Wakikuyu humpa mtoto wa kiume wa pili jina la baba ya mama, na kwa sababu hiyo Mama humwita Gitau "baba." Alimwita hivyo hata miezi yote ile, kwenye simu, kwa sauti ya upole mno, sauti ya mtu anayeongea na mgeni.

Mvua ilianza kabla hatujafika Westlands. Kufikia hapo, maji yalikuwa yameifunika barabara kutoka ukingo hadi ukingo, na magari makubwa yalikuwa yanayapasua kwa fujo. Gari letu lingeingia mle lingekunywa maji hadi lizime. Nikaanza kusema nilichokuwa nikisema siku zote kuhusu magari yaliyoshushwa, na Mama, akiwa amelala, akasema, "Nyambura, wacha dereva aendeshe."

Gitau akakata kushoto, akaingia kwenye uwanja wa jengo moja la ofisi ambalo lina lango huku na lango jingine upande wa pili, mahali penye mwinuko. Umeme ulikuwa umepotea. Kile chuma cha kuzuia magari kilikuwa kimekwama nusu, hakipandi wala hakishuki. Mbele yetu dereva wa gari refu alikuwa anarudi nyuma akilaani.

Soja akaja mbio na mwavuli. "Niaje fundi!"

"Fiti, Musyoka. Nina mathe ametoka hosi. Naweza pita?"

"Nikifungua aje na stima imeenda?"

Gitau alishuka kwenye mvua, akasimama kando ya kile chuma, akakipima kwa kifua chake, kisha akaenda akajipima kando ya gari. Akarudi ndani. Tukapita chini yake, taratibu, na Musyoka akatembea ubavuni ameinamisha mwavuli, macho kwenye paa, akisema, "Kuja, kuja, kuja, iko poa." Nafasi iliyobaki ilikuwa ya kiganja. Tulipotokea upande wa pili Musyoka alipiga makofi, na mimi, nakiri, nilipiga pia.

Westlands hadi Kangemi

Kutoka hapo Gitau alishika barabara ya pembeni, kwa sababu ile kubwa ina malori yasiyovumilia mtu anayekwenda polepole. Barabara ya pembeni ina matuta. Kwa kila tuta nilishuka. Kufikia la tano sikusubiri kuambiwa.

Hapo ndipo nilipoanza kumwona ndugu yangu. Nimepanda gari naye miaka mingi, lakini siku zote nilikuwa natazama simu. Sasa nilikuwa natembea kando, na nilimwona akiendesha. Alikuwa haangalii tuta. Alikuwa anaangalia mahali ambapo maji yanakatika, rangi ya lami inapobadilika, magurudumu ya gari la mbele yanavyopanda. Kila tuta alikuwa amelipa jina. Mawili yanayofuatana aliyaita Mapacha. Moja refu karibu na kituo cha mafuta aliliita Mchungaji, kwa sababu, alisema, kila mtu huinamisha kichwa mbele yake. Alimtangazia Mama kabla ya kila moja: "Mami, sasa tunapanda. Mguu wa kulia. Sasa wa kushoto. Tumeshuka." Mama alijibu "sawa" kila mara, akiwa amefumba macho. Nyuma yetu magari yalikuwa yamepanga foleni. Sisi tulikuwa tumewasha taa za tahadhari, na wenye subira huko nyuma wakawasha zao.

Kabla ya Kangemi mama mmoja muuza ndizi, aliyejikinga na karatasi ya nailoni, aliniona natembea taratibu kando ya gari, nimelowa, uso umekunjwa, na msururu wa taa zinazowakawaka nyuma yetu. Akanijia akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Poleni sana, dada. Mungu awatie nguvu. Mnazika wapi?"

Dirisha la gari lilikuwa wazi kidogo, na kutoka mle ndani sauti ya Mama ikauliza, "Kwani ni nani amekufa?"

Yule mama aliruka, karatasi ikaanguka, ndizi mbili zikaenda kwenye mtaro. Nilipomweleza alicheka hadi akashika nguzo. Kisha akaja na kichala kizima akakiingiza dirishani. "Kula, mathe, ukae sana. Mimi ndio nimekuzika, lazima nikufufue." Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu operesheni.

"Mami, usicheke sana," Gitau alisema. "Skrubu."

"Wacha nicheke, baba. Sizikwi kila siku."

Kangemi mvua ilizidi, tukasimama penye kibanda cha chai. Mwenye kibanda, mwanaume mnene mwenye aproni, alitoka mwenyewe kumletea Mama chai. Aliimimina kutoka kikombe hadi kikombe ipoe, akatafuta mrija wa soda, na akasimama kwenye mvua ameshika mwavuli hadi Mama akamaliza. Kisha akaliinamia gari, akaingiza vidole viwili juu ya gurudumu.

"Umeishusha poa. Ulikata springi?"

"Siwezi kata," Gitau akasema. "Ukikata inakuwa chini lakini inaruka kama mpira. Hii nilibadilisha zote, na shoki. Naweza kaza, naweza legeza."

"Na masika unaendesha?"

"Gari ya kukaa gereji ni ya nini?"

Yule mwanaume akatikisa kichwa kwa heshima. Akatupa mandazi ya moto, nami nikala matatu nikiwa nimesimama, bila haya. Niliona kwamba Gitau ameshika lake bila kuliuma. Anaangalia upande wa Kinoo.

"Nini sasa?" nikamuuliza.

"Hiyo tuta ya kwetu."

Mnaoijua njia ya kwetu mnajua lile tuta la zege lililo mlangoni mwa njia. Mama ni mwenyekiti wa wakazi wa njia hiyo, na aliwachangisha watu likajengwa mara tu baada ya Krismasi ile ya mwaka juzi. Ni refu kuliko yote niliyopita siku hiyo.

"Hiyo siwezi pita," Gitau alisema. "Hata bila wewe ndani. Niliipima kwa macho siku ya kwanza. Walijenga juu yangu, siz. Mami alijenga ndio nisikuje. Hakutaka kelele ya gari yangu huko."

Nilimtazama mtu huyu wa miaka thelathini na minne aliyelowa hadi soksi. Kumbe ndiyo maana. Nilitaka kumwambia ni ujinga, kwamba angeegesha kituo cha mafuta cha kule Kinoo akatembea dakika tano kama watu wengine. Lakini aliyefungiwa mlango hapitii dirishani, na yeye aliamini amefungiwa.

Kangemi hadi Kinoo

Tulikuwa tumepita Uthiru ikaanza mvua ya mawe. Si yale mawe machache ya kuchekesha watoto. Yalikuja kwa kishindo, yakapiga paa hadi hatukusikiana, na Gitau akaliingiza gari chini ya daraja la wapita njia, pamoja na pikipiki kumi na mbili na mtu mwenye mkokoteni wa viazi. Ilipokoma tulitazama nje. Barabara ilikuwa nyeupe. Lami haikuonekana, matuta hayakuonekana, mashimo hayakuonekana. Weupe mtupu, mtaro na barabara kitu kimoja, na mvuke unapanda juu yake. Mwenye viazi aliokota barafu akaitia mdomoni, akasema kwa mshangao kwamba ni tamu.

Tungesubiri iyeyuke. Lakini Mama alikuwa ameanza kubana midomo. Alikuwa amekaa mle ndani tangu saa tano, na sasa saa tisa ilikuwa inakaribia. Hakulalamika, na hiyo ndiyo ilinitisha, kwa sababu Mama yangu hulalamikia hata chumvi ya mwenziwe.

"Baba," alisema, "mgongo unanikataa."

Gitau akawasha gari. Nilifungua mlango nitembee mbele nimpimie barabara kwa mguu, akasema hapana, nitateleza na atakuwa na wagonjwa wawili. Basi nilikaa nyuma, nikashika kiti cha Mama kwa mikono miwili, tukaingia kwenye ule weupe.

Aliendesha kwa kukumbuka. Sijui niseme vipi jambo hilo mnielewe. Alikuwa anahesabu kutoka nguzo ya stima, kutoka kibao cha duka la mbao, kutoka mti fulani. "Hapa kuna shimo mkono wa kushoto," na analipita, na gari la nyuma yetu linatumbukia mle mle. "Hapa kuna tuta, liko chini ya barafu, tunapanda. Kulia. Kushoto. Tumeshuka." Na kweli tulipanda, na kweli tulishuka, na Mama hakurushwa. Nilikuwa nimemdharau kwa ajili ya gari hilo miaka mitatu. Nilidhani amelishusha ili aonekane. Kumbe kwa kulishusha alilazimika kuijua kila inchi ya barabara ambayo sisi wengine tunaikanyaga bila kuitazama. Machozi yalinitoka, na sikujisumbua kuyapangusa.

Tulipofika Kinoo, tukiacha barabara ya pembeni kuingia ndani, Gitau akasema, "Mami, hapa kuna mbili ndogo mpya. Za matofali. Kulia. Kushoto."

Tukapita. Mama akafumbua macho.

"Hizo mbili zilijengwa Agosti," alisema.

Gitau akabadilisha gia.

"Nauliza, baba. Zilijengwa Agosti iliyopita. Wewe hujakuja Kinoo tangu Krismasi ya mwaka juzi. Umezijulia wapi?"

Gari lilisimama lenyewe, au ndivyo nilivyohisi. Gitau alitazama mbele.

"Nakujanga," alisema. "Jumapili."

"Jumapili gani?"

"Karibu zote. Nakuja mpaka hapo kwa tuta yako. Naangalia. Narudi."

Mvua ilikuwa imebaki manyunyu. Mtu alipita na ng'ombe mmoja, ng'ombe akasimama akanusa barafu. Nilitamani kuwa nje naye.

"Kwa nini hukuingia?" Mama akauliza.

"Si uliijenga ndio nisiingie?"

Mama hawezi kugeuza shingo, kwa hivyo alisema akiitazama dari ya gari. "Niliijenga juu yako, ndiyo. Siku ile ya Krismasi ulikuja na gari mbio hadi mtoto wa Mama Wairimu hapo jirani akaangukia kwa ua akikukwepa. Usiku huo sikulala. Nilikuona umekufa, baba, mara kumi nilikuona umekufa kwa hiyo gari. Nikasema nitajenga kitu itakufanya uende pole. Nilitaka ufike. Sikutaka usikuje." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Kila Jumapili mimi huweka sahani yako."

Hilo ni kweli, nami nililijua. Kila Jumapili nilikuwa naiona sahani hiyo imefunikwa, na nilidhani ni ya mgeni yeyote atakayepita.

Kinoo hadi mlangoni

Tuta lilikuwa pale pale, zege tupu, limesafishwa na mvua. Njia ya kando yake ilikuwa matope na barafu. Nyumba yetu ni hatua mia moja kutoka hapo. Majirani walikuwa wametoka, Mama Wairimu mbele yao, na wanaume wawili walikuwa na kiti cha mbao. Wakasema wambebe Mama kwa kiti. Mmoja wao akatangulia hatua mbili kuonyesha njia, akateleza, akakaa chini kwenye matope. Hakuna aliyecheka.

Gitau alishuka. Alilitazama lile tuta kwa muda, akachuchumaa, akalala kifudifudi kwenye matope akatazama chini ya gari lake. Kisha akainuka akatoa kila kitu: gurudumu la akiba, jeki, vifaa vyake vya kazi, mimi. Akazungusha vile vifundo vyake mara ya mwisho.

"Itagusa," nilimwambia.

"Najua."

"Gitau, itakwaruza yote."

"Najua, siz. Nishikie hii simu yangu."

Ninawaambia wenzangu, nimemwona mtu huyu akifuta alama ya kidole kwenye mlango wa gari hilo. Nimemwona akizunguka mtaa mzima kukwepa jiwe. Aliingia, akafunga mlango taratibu, akalipandisha gari juu ya zege. Gurudumu la kulia. La kushoto. Kisha tumbo la gari likakaa juu ya tuta, na likaanza kulia. Ilikuwa sauti mbaya, ndefu, chuma juu ya saruji, na kila mtu pale akakunja uso. Hakusimama na hakuongeza mwendo. Nilikuwa natembea kando ya dirisha, na ndani niliwasikia.

"Hiyo ni nini inalia hivyo?" Mama aliuliza.

"Ni gari, Mami. Si wewe."

"Mimi sisikii kitu kwa mgongo."

"Basi iache ilie."

Likashuka upande wa pili. Kwenye barafu nyeupe nyuma yake kulibaki mstari mweusi wa oili, unatiririka hadi mlangoni kwetu. Mama Wairimu alimshika Gitau uso kwa mikono yote miwili.

Mama alilala kitandani mwake saa kumi na moja kasoro. Daktari amemwona tena juma lililopita, na skrubu ziko pale pale alipoziacha. Siku hiyo ndiyo niliyotaka kuwaambia habari zake, lakini kuna kidogo kimebaki. Gari lilipasuka sehemu ya kuwekea oili, halikuweza kwenda popote, na kipande cha kubadilisha kikawa kigumu kupatikana. Gitau akawa analala chumba chake cha zamani, asubuhi anapanda basi kwenda kwa lifti zake Westlands, jioni anarudi, anampikia Mama uji, wanabishana kuhusu chumvi. Siku ya tisa alipiga simu nikiwa pale, nikamsikia akifurahi, kwamba kipande kimepatikana na fundi atakuja kesho asubuhi mapema.

Alipotoka nje Mama aliniita kitandani. Akanishika kitambaa cha mkono wa gauni ili niiname.

"Nyambura," alisema, "huyo fundi akikuja, mwambie asiharakishe."